Sauti Nyuma ya Kikwembe

Tata mukwe wangu mpendwa,

Ungekuwa hai, barua hii nisingekupa mkononi. Ningeiweka chini karibu na kiti chako, ningegeuka, wewe ungekohoa kidogo, kisha ungeiokota. Ndivyo tulivyoishi, mimi na wewe, tangu mwanao aliponileta kwenu Kolwezi hadi ulipotutoka. Chakula chako nilikiacha mlangoni. Ukitaka kupita uani ulikohoa kwanza, nipate nafasi ya kujisitiri. Nikikusalimu nilipiga magoti nikitazama vidole vya miguu yako, na wewe ulinijibu ukitazama paa la nyumba. Mtu akiniuliza macho yako yalikuwaje, itabidi nidanganye. Lakini vidole vya miguu yako navijua vyote.

Nakuandikia waziwazi, mbele ya watu, kwa sababu jana Mujinga, mjukuu wako, alikuja kuniomba kile kikwembe cha ndege wa bluu ambebee mtoto wake mgongoni. Nilimwambia angoje. Akaniuliza kwa nini nakitunza kitambaa kilichochakaa namna ile, wakati kabati limejaa vipya. Hapo nikaona kwamba hata yeye, ambaye bila kitambaa kile asingekuwapo, nimemsimulia vipande vipande tu. Basi leo nasimulia yote, na nasimulia kwako, maana wewe ndiye uliyekuwa upande wa pili.

Unakumbuka mimba zangu za mwanzo. Ya kwanza ilipotoka tulisema ni bahati mbaya. Ya pili ilipotoka majirani walianza kupunguza sauti nikipita. Ya tatu ilifika mbali, mtoto alikuwa anacheza tumboni, nikawa naujua usumbufu wake wa asubuhi, kisha siku moja akanyamaza. Mama mukwe alilia hadi nikamhurumia yeye. Ndugu zenu wakaja kumshauri mume wangu atafute mwanamke mwingine, mwenye tumbo linaloshika. Nilikuwa jikoni, nikakusikia ukiwajibu: "Huyu njo mwanamuke yetu. Mukimaliza bia, muende." Hukujua kwamba nilisikia. Nilikaa pale jikoni nikachambua majani ya sombe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Nilipobeba mimba ya nne, daktari wa hospitali ya kampuni ya shaba alikuwa tayari amepata majibu ya damu yangu aliyoituma mbali. Alieleza kwa Kifaransa, haraka haraka, na kwa kuwa wewe ulikuwa infirmier, muuguzi mstaafu wa dispensari ya kambi ya wachimbaji, uliitwa ututafsirie. Lakini mimi nilikuwa nimelala kitandani tumbo wazi, na wewe ni baba mkwe. Ukasimama ukumbini, mlango umefunguliwa nusu, ukawa unatupigia kelele tafsiri yako kama mtu anayeuza samaki.

"Mama! Munganga anasema hivi: damu yako inaganda fasi haifai! Mu kondo, kwenye mutoto anapataka chakula! Njia inazibika, mutoto anakosa kula!"

Mama mukwe akauliza kwa nini damu igande yenyewe.

"Mwili inakuwa na baaskari yake ya kupiganisha bugonjwa. Sasa ba kwake banakosea. Banaangalia mwenyeji, banasema ni mugeni."

"Kumbe hata mu tumbo banafukuzaka bantu," akasema mama mukwe. Sote tulicheka. Wakati ule bado tuliweza kucheka neno kama hilo.

Dawa zilikuwa mbili. Moja ni aspirini ndogo, ile ya watoto, kidonge kimoja kila siku, ili damu isishikane ovyo. Mama mukwe alifurahi sana kusikia kwamba mjukuu wake ameanza kunywa dawa kabla ya kuzaliwa. Ya pili ilikuwa heparini, sindano ya chini ya ngozi, tumboni, asubuhi na jioni, bila kuruka, mpaka uchungu uanze. Uchungu ukianza, basi, isichomwe tena, kwa sababu damu inayozuiwa kuganda haijui kusimama mwanamke anapojifungua. Akishazaa, iendelee wiki kadhaa. Na kwa kuwa heparini ikikaa sana mwilini hulegeza mifupa, ukaamuru nile ndakala, samaki wadogo, pamoja na miiba yao kila siku. Nilikula ndakala hadi nikawa nawaota.

Mwanzoni nilichomwa na mama mmoja wa dispensari ya kambi, mwenyeji wa Sandoa, mwanamke wa mikono miepesi. Tumbo langu lilikuwa na madoa ya bluu na ya kijani, na yeye alikuwa akinitania kwamba nimejitengenezea kikwembe changu mwenyewe. Kisha yale maneno yakaanza. Yalianza redioni, yakaenda kwenye mikutano, yakashuka sokoni. Sisi ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, tuliozaliwa hapa, tuliozikia wazazi wetu hapa, tukawa wageni. Tukaitwa bilulu, wadudu. Mume wangu alifika kazini asubuhi moja akakuta mtu mwingine amekaa mahali pake. Daktari naye aliondoka, kama walivyoondoka wengi, ila kabla ya kuondoka alikuachia wewe dawa za kutosha hadi kujifungua na baada yake. Ukazificha ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Yule mama wa Sandoa alinichoma mpaka siku alipoambiwa kwamba atakayewagusa Wakasai ataondoka nao. Alinieleza akilia, akanikumbatia, akanipa na pamba aliyokuwa nayo. Sijamchukia hata siku moja, na nilipoona namna alivyonishika nilijua ni mara ya mwisho.

Mume wangu alikuwa ametangulia Mwene-Ditu, huko Kasai, na treni ya kwanza kututafutia mahali kwa mjomba wake. Nyumbani tulibaki watatu. Mama mukwe macho yake yalikuwa yameanza kufa, kuku na bata aliwatofautisha kwa sauti. Mimi sikuwahi kushika sindano. Na wewe, uliyechoma nusu ya kambi, watoto kwa wazee, ulikuwa mtu pekee duniani usiyeweza kunichoma.

Mujinga hataelewa hapa, kwa hiyo nimweleze. Kwetu baba mkwe akiliona tumbo la mke wa mwanawe ni tshibindi, mwiko uliovunjwa, na tshibindi haimrudii yeye, humrudia mtoto. Yaani mikono yako ingempa mtoto dawa, na macho yako yangemwua. Watu wa leo watatucheka. Lakini mimi nilikuwa nimezika watatu, tata. Sikuwa na ujasiri wa kujaribu kama wazee walisema kweli au uongo, na najua wewe pia hukuwa nao. Siku ile ulizunguka uani, ukakohoa, ukazunguka tena. Kisha ukamwita mama mukwe ukamwomba kamba na kikwembe.

Mkakitundika katikati ya sebule, kile cha ndege wa bluu. Mimi upande huu, wewe upande ule. Ukamwambia mama mukwe aniletee donge la bukari, ugali uliopoa.

"Sasa, mama, hiyo bukari njo tumbo yako. Ukamate na bidole bibili, uinue ngozi kidogo."

"Nimekamata, tata."

"Ingiza sindano yote. Usiogope, haitalia. Sukuma dawa pole pole."

"Nimesukuma."

"Toa. Sasa ukamate pamba juu. Usisugue! Ile ya pénicilline tunasuguaka, hii hapana. Ukisugua damu itakimbia chini ya ngozi. Ukamate tu."

Nilichoma bukari ile hadi ikatoboka kama chujio. Mama mukwe alinung'unika kwamba unga umekuwa adimu na sisi tunautibu badala ya kuula. Kesho yake nilijichoma mwenyewe. Nilikaa muda mrefu sindano ikiwa juu ya ngozi, na nyuma ya kitambaa hukuniharakisha. Nilisikia pumzi yako. Nilipomaliza nikasema, "Imeisha, tata," na wewe ukasema "Merci, mama," kana kwamba mimi ndiye niliyekutibu.

Tangu siku hiyo sauti yako ilikuwa mkono wangu. Asubuhi na jioni. Nilianza kuingojea. Mtu ambaye tulikuwa hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu, sasa nilijua anavyokaa kimya akiwaza, anavyocheka kwa pua, anavyoomba kwa sauti ndogo akidhani simsikii. Nasema sasa yale ambayo heshima ilinizuia kuyasema: nilikupenda kama baba. Wangu alikufa nikiwa mdogo, na nilikuwa sijajua baba ana sauti gani asubuhi.

Walipokuja kutufukuza ilikuwa mchana kweupe. Vijana wengi hatukuwajua, wachache tuliwajua, na hao wachache ndio waliokwepa kutuangalia. Tulitoka na mbabula ya kupikia kwa mkaa, sufuria moja, kopo la maziwa na kikwembe. Nyumba sikuigeukia. Uliniambia nisiigeukie, ukasema mwanamke mwenye mimba haangalii moto.

Pale gare, stesheni ya treni, tulikuta watu wamejaa hadi kwenye reli, familia nzima nzima chini ya mvua, wanangoja treni isiyojulikana itakuja lini. Watoto waliharisha, wazee walizimika kama taa. Wewe ulichemsha sindano juu ya mbabula, ile ya kioo, ukiihesabu kuwa mali kuliko kitu chochote tulichobaki nacho. Mama mukwe alishika ncha moja ya kikwembe, mwanamke tuliyemkuta jirani alishika nyingine, mimi nikakaa katikati, na nyuma yao wewe ulikuwa unauliza, "Umeinua ngozi, mama?" Watu wakatuzoea. Wakisikia "Usisugue" walijua saa ya kupika imefika.

Kisha treni ikaja, na ndipo mkono wangu ukaumia. Kila mtu alitaka kupanda mara moja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango wa behewa, wale wa nyuma wakasukuma, mlango mzito wa chuma ukanibana kiganja cha kulia. Tulipokwisha kukaa kilikuwa kimevimba kama andazi, vidole havikunji. Jua likaanza kushuka. Ulitoa sindano kwenye sufuria, ukaipitisha juu ya kikwembe kama kawaida, na mimi nikaikosa. Nikajaribu kwa kushoto, ikaanguka kwenye majani makavu ya behewa. Uliichemsha tena. Nikaiangusha tena.

Sikulia kwa ajili ya mkono. Nililia kwa sababu mtoto alikuwa anacheza, na nilikumbuka yule aliyenyamaza.

 Upande ule wa kitambaa nikasikia wewe na mama mukwe mnanong'onezana Kiluba. Kikwembe kikashuka ghafla, nikajifunika kwa hofu, na nilipoinua uso nikakuona umepiga magoti mbele yangu, kitambaa chenyewe kimefungwa machoni pako, fundo kubwa nyuma ya kichwa, ndege wawili wa bluu mahali pa macho. Mama mukwe alikuwa bado anakaza fundo. "Hata jua hataiona," akasema.

Na wale watu, tata. Behewa lilikuwa limebanana hivi kwamba mtu hakuweza kujikuna bila kumkuna mwenziwe. Hakuna aliyewaambia kitu. Wanaume waligeuka wakatazama ubao wa behewa, wakafuata wanawake, hata akina mama waliokuwa wakinyonyesha waliinamisha vichwa. Walituachia chumba mahali ambapo chumba hakikuwapo. Nikiwakumbuka watu wangu nawakumbuka hivyo, kwa migongo yao.

Ukanyosha mkono hewani. "Fasi gani, mama?"

"Kushoto kidogo, tata. Chini. Tena kidogo. Hapo."

Ulishika ngozi kwa vidole viwili tu, ukachoma, na sikusikia chochote. Ulikuwa na mkono mwepesi kuliko mama wa Sandoa, na nilikuwa nimechubuka muda wote huo bure! Ukaweka pamba, ukashusha pumzi. "Maisha yangu yote nachoma bantu," ukasema, "leo njo mugonjwa ananifundisha kazi." Mtu mmoja akacheka akiwa bado amegeukia ubao, tukacheka behewa zima.

Hivyo tulikwenda. Treni ilisimama Tenke bila sababu, ikaenda, ikasimama porini, ikaenda. Kila asubuhi na kila jioni ulifungwa macho, ukauliza fasi gani, nikakuongoza.

Tulikuwa tumeshapita Bukama, asubuhi, maji yakichemka kwenye pembe ambapo walituruhusu kuweka mbabula, maumivu yaliponishika mgongoni. Yalikuja, yakaenda. Yakaja. Nilidhani ni ubao wa behewa. Nilipokwambia, ulirudisha sindano ndani ya sufuria.

Ule ndio wakati ambao sikumsimulia Mujinga kamwe. Kama ulikuwa uchungu wa kweli, sindano ile ingeweza kunimaliza, ningetoka damu isiyosimama katikati ya pori. Kama haukuwa uchungu, kuruka sindano kungeweza kuifunga ile njia ndogo ya chakula, na mtoto angenyamaza kama mwenzake. Hakukuwa na daktari. Mtu wa kujua alikuwa wewe, na ili ujue ilibidi mikono yako isome tumbo langu lote.

Ukafungwa macho. Ukaomba ruhusa, "Mama, unisamehe," nami nikasema ndiyo. Uliweka viganja juu ya nguo niliyovaa, wazi, vizito, ukangoja. Maumivu yakaja chini ya mikono yako. Ukangoja yakaondoka. Yakaja tena. Niliona midomo yako ikitembea, na jasho likilowesha wale ndege.

"Leo hapana sindano," ukasema.

Nilikushika shati kwa mkono wangu mbovu. "Tata, nichome. Nakuomba. Nisipochomwa atakufa."

"Hapana, mama. Anakuja."

"Wale wengine nilisubiri wakafa. Nichome!"

"Anakuja, mama. Namusikia. Kazi ya sindano imekwisha, inabakia ya kwako."

Ukageuka, ukafunguliwa macho, na kikwembe kikarudi kazini mwake, kikashikwa na wanawake wawili. Mama mukwe, asiyeona, ndiye aliyepokea. Kichwa kikatoka, na kilio hakikuja. Nikasikia mama mukwe anasema kwa hofu kwamba kuna kitu shingoni. Nikafikiri, basi, ndiyo tshibindi.

Sauti yako ikaja nyuma ya kitambaa, ile ile ya siku ya bukari.

"Ni kamba ya kitovu. Pitisha kidole chini yake. Umepitisha? Usivute. Inua pole pole, ipandishe juu ya kichwa, sawa vile unavua mukufu."

Kimya. Magurudumu. Kisha akalia, tata, akalia kwa hasira, na behewa zima likapiga vigelegele.

Hakukuwa na haja ya kumtafutia jina. Mtoto wetu akizaliwa na kitovu shingoni ni Mujinga, alikuja na jina lake. Kijana mmoja mzaliwa wa Kolwezi, aliyejua Kiswahili tu, akauliza kwa nini mtoto mchanga anatukanwa mjinga siku ya kwanza. Ukamjibu, "Ni yeye mwenye akili kupita siye bote. Anangoja tufukuzwe kwanza, njo anaingia." Ulimpokea kutoka chini, mahali mama mukwe alipomlaza, na nilisikia unamwambia mambo kwa Kiluba ambayo si yangu kuyaandika.

Mwene-Ditu mume wangu alikuwa gare, amekonda, anatazama kila behewa. Uliteremka wa kwanza. Hukumpa habari ya nyumba wala ya njia. Ulimwambia tu kwamba sindano zinaendelea wiki kadhaa, na kwamba sasa ni zamu yake kujifunza kwenye bukari.

Tuliishi kama zamani. Ulirudi kukohoa, nikarudi kutazama vidole vya miguu yako. Hatukuzungumza habari ya treni hata mara moja. Ila nilipokuwa naleta chakula mlangoni, wakati mwingine uliuliza kutoka ndani, "Mukono iko namna gani, mama?" Mkono ulikuwa umepona siku nyingi. Nilijibu, "Unaendelea vizuri, tata," na sote wawili tulijua tulichokuwa tunaulizana.

Ulipofariki, wazee walisema mke wa mwana haingii kumwona baba mkwe alivyolala. Niliketi nje na wanawake wengine. Mama mukwe, macho yamekwisha kabisa, alipapasa hadi akanipata. Alikuwa na kikwembe. "Huyu bamufunge macho," akawaambia wazee. "Bwana yangu alifungwa macho kwa ajili ya huyu. Huyu atafungwa kwa ajili yake." Hakuna aliyembishia.

Nikaingia gizani, kipofu ananishika kiwiko. Nilinyosha mkono hewani.

"Fasi gani, mama?"

"Kushoto kidogo," akasema. "Chini. Hapo."

Nikaukuta mkono wako. Nilitamani kuusugua upate joto. Sikuusugua, tata. Niliukamata tu.

Tulirudi Kolwezi, baada ya miaka. Nyumba ilijengwa upya, ina watu wengine, nawasalimia. Kesho nitampa Mujinga kikwembe chake, ambebee mwana. Nitamwambia kifundo kikae juu ya kifua, akikaze kama bibi yake alivyokikaza. Nimeilowesha barua hii kwa machozi mengi, lakini ni ya mtu aliyeshiba, usihangaike.

Sasa naiweka chini, hapa karibu na miguu yako. Nageuka. Kohoa kidogo, tata, kisha uiokote.

Mukwe wako,
mama yake Mujinga